Kocha Anayesubiri Zamu Yake

Miaka michache iliyopita, kwa ridhaa ya mteja, nilirekodi kikao kimoja cha ukocha, si ule wa michezo bali wa kumsaidia mtu kufikiria kazi na maisha yake, ili nikajisikilize nikiwa peke yangu. Nilikuwa na hakika kilikuwa kikao kizuri. Mteja, mwanamke anayeongoza idara yenye watu wengi, aliondoka akitabasamu, akashukuru, tukapanga tarehe nyingine. Niseme ukweli, nilikaa kusikiliza rekodi ile kwa nia ya kujipongeza.

Kwenye dakika ya kumi na moja anasema hivi: "Kazi inaenda vizuri. Bosi mpya hana neno. Mtu unazoea tu." Kabla ya sentensi ya tatu anashusha pumzi, na inasikika waziwazi. Halafu inaingia sauti yangu, changamfu kama ya mtangazaji wa redio asubuhi: "Safi sana! Sasa lile lengo letu la kuomba nafasi ya juu limefikia wapi?"

Nilirudisha nyuma nikasikiliza tena. Kati ya "tu" yake na "safi" yangu hapakuwa na upenyo wa kupitisha wembe. Swali lenyewe halikuwa baya: la wazi, limeelekea kwenye lengo, kama nilivyofundishwa. Ila lilikuwa limeshaundwa kabla hajamaliza kusema, maana hakuna namna nyingine ya kulitoa kwa kasi ile. Yeye anashusha pumzi, mimi natafuta maneno. Na muda wote huo nilikuwa nimeegemea mbele, namwangalia machoni, natikisa kichwa, naguna "mhm" mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Ungenipiga picha dakika ile ungesema, naam, huyu ndiye kocha anayesikiliza.

Ndiyo maana mafunzo mengi ya kusikiliza kwa makini yananitia shaka. Yanatufundisha dalili za kusikiliza, nasi tunazimudu vizuri mno. Mtu anaweza kuwa na dalili zote asiwe na ugonjwa. Tena kinachotuzuia makocha kusikiliza mara nyingi ni bidii wala si uvivu. Tuna haraka ya kufaa. Mteja amelipa, saa inakwenda, tunataka atoke na kitu mkononi; kwa hiyo kila anachosema tunakipima kwa jambo moja: naweza kukifanyia nini?

Waasisi wa wazo lenyewe walilihofia hili mapema. Mwaka 1957 Carl Rogers na Richard Farson walitoa kijitabu kupitia Chuo Kikuu cha Chicago, kilichokusudiwa zaidi watu wa sehemu za kazi, na humo ndimo neno hili lilipoanzia safari yake. Walionya kwamba kusikiliza kwa namna hii hakuwezi kutumiwa kama mbinu tu ikiwa moyoni humheshimu anayesema, wala huamini kuwa ana uwezo wa kujielekeza mwenyewe. Zaidi ya miaka 60 baadaye tumekishika kinyume: tumechukua mbinu, moyo tumeuacha mlangoni.

Na tukishaona mbinu zinayumba tunakimbilia takwimu. Umewahi kuisikia: maneno hubeba asilimia 7 tu ya ujumbe, sauti 38, uso na mwili 55. Namba hizo zinatoka kwenye majaribio ya Albert Mehrabian ya mwaka 1967, ambamo watu walisikilizishwa neno mojamoja likitamkwa kwa sauti za hisia tofauti, na katika sehemu nyingine wakaonyeshwa picha za nyuso, kisha wakaulizwa wanadhani msemaji anampenda au hampendi anayeambiwa. Yanahusu hisia, hasa pale neno na sauti vinapopingana. Mehrabian mwenyewe amekana mara kadhaa kwamba kanuni hiyo inahusu mazungumzo yote. Lakini imeshazaa kizazi cha makocha wanaochunguza mikono ya mteja imekunjwa vipi huku maneno yakipita. Amekunja mikono, pengine anasikia baridi.

Turudi kwenye ile haraka, kwa sababu ina mizizi kuliko tabia mbaya. Mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na Tanya Stivers walichapisha ulinganisho wa mazungumzo ya kawaida katika lugha 10 za sehemu mbalimbali za dunia. Mtu akiulizwa swali la ndiyo au hapana, kwa wastani mwenzake huanza kujibu baada ya takriban sehemu moja ya tano ya sekunde. Sasa, kuandaa hata neno moja, tangu wazo hadi ulimi, huchukua zaidi ya nusu sekunde. Hesabu hiyo haikubali mpaka ukiri kwamba anayejibu huanza kuandaa jibu wakati mwenzake bado anasema. Sote tuko hivyo, na bila hilo gumzo lingekuwa la kukwamakwama. Kwenye kikao cha ukocha, hata hivyo, ni hasara, kwa sababu neno lenye uzito mara nyingi liko mkiani mwa sentensi, pale ambapo akili ya kocha imeshahama.

Madaktari walipimwa kabla yetu. Howard Beckman na Richard Frankel, mwaka 1984, walichambua rekodi za mikutano 74 kati ya daktari na mgonjwa. Kwa wastani daktari aliingilia baada ya sekunde 18, na chini ya robo ya wagonjwa ndio waliopata kumaliza kueleza kilichowaleta. Utetezi unaojulikana ni muda: nikimwacha aseme, atasema hadi jioni. Basi watafiti wa Uswisi wakawaomba madaktari wanyamaze mpaka mgonjwa mwenyewe aashirie kuwa amemaliza. Matokeo yalitoka mwaka 2002: wagonjwa 335, wastani wa sekunde 92, na karibu wanane katika kila kumi walikuwa wamemaliza ndani ya dakika mbili. Dakika mbili! Kocha mwenye kikao cha saa nzima anaogopa nini?

Jaribio ninalolipenda kuliko yote linatoka Kanada. Janet Bavelas na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, waliwaomba watu wasimulie tukio la kweli ambapo waliponea chupuchupu. Baadhi ya wasikilizaji walipewa kazi ya kisirisiri: kila msimuliaji akitamka neno linaloanza na herufi "t", bonyeza kitufe. Hawa walisikiliza kwa bidii kubwa. Ila walikuwa wanasikiliza herufi. Hawakushtuka penye kushtua, hawakukunja uso penye maumivu. Wasimuliaji waliokaa mbele yao, ambao hawakujua lolote kuhusu ile kazi, wakaanza kusimulia vibaya. Hasa mwishoni, kwenye kilele cha kisa, walijikanyaga, wakarudia jambo lilelile, wakaanza kueleza kwa nini tukio lao lilikuwa la hatari, kama mtu anayejitetea.

Nikiisoma habari hii namwona kocha akisikiliza ili apate swali lake linalofuata. Naye anahesabu herufi "t". Na ninajiuliza ni wateja wangapi nimewaandika kwenye kumbukumbu kwamba "hajieleweki" au "anazunguka", kumbe kilichokuwa kinazunguka ni sikio langu. Mteja akiwa na maelezo yasiyo na kichwa wala miguu, swali la kwanza siku hizi najiuliza mimi.

Sasa, ukiacha kuhesabu herufi, usikilize nini? Wengi hujibu kwa jumla: hisia, yasiyosemwa. Hata ICF, shirikisho la kimataifa la makocha, kwenye orodha yake ya stadi 8 iliyopangwa upya mwaka 2019, inataka kocha azingatie anachosema mteja na asichokisema. Vizuri. Lakini asichokisema utakisikiaje? Mimi nakipata kwenye vijineno, vile ambavyo masikio yaliyozoea lugha huviruka.

Chukua "tu". "Niko sawa" na "niko sawa tu" ni habari mbili. Ya kwanza inafunga mlango, ya pili inauacha wazi kidogo. Au "mtu". Mteja anaongea vizuri kwa "mimi", "nilifanya", "niliamua", halafu ghafla: "Mtu unajitahidi, mwisho unachoka." Huyo mtu ni nani? Amejitoa kwenye sentensi yake mwenyewe, akamweka mtu asiye na jina abebe mzigo. Ndivyo alivyofanya mteja wangu wa dakika ya kumi na moja. Kuna na vitenzi visivyo na mwenyewe: "niliambiwa", "ilionekana nisiende", "ikaamuliwa". Nani aliambia? Nani aliona? Pengine mteja anamlinda mtu, pengine hajawahi kujiuliza. Kuna "inabidi", ambayo mara nyingi si sauti yake bali ya mzazi, bosi au jirani aliyehamia kichwani. Na kuna "-nge-": "Ningeiacha hii kazi." Sarufi yetu inadai nusu ya pili, ningeiacha kama nini, na nusu hiyo imebaki kooni. Hapo husemi mengi. Unasema, "Ungeiacha, ila…" kisha unafunga mdomo.

Sikiliza pia majina yanavyobadilika. Kwenye kikao cha kwanza alikuwa "mwenzangu tuliyeanzisha naye biashara". Cha tatu amekuwa "mwenzangu". Cha tano, "yule bwana".

Nisieleweke vibaya, hii isigeuke kuwa upolisi wa sarufi. Si kila "tu" ni kilio. Wengine wanaitumia kama wengine wanavyotumia koma. Nimewahi kumsimamisha mteja kwenye "inabidi" yake nikidhani nimegundua dhahabu, akanitazama kwa mshangao akasema inabidi kwa sababu tarehe ya mwisho ni Ijumaa. Ndiyo maana vikao viwili vya kwanza ni vya kujua mtu huyu anaongeaje akiwa ametulia. Kinachosema kitu ni badiliko: mtu wa maneno mengi aliyekuwa mfupi ghafla, au mtu wa "mimi" aliyegeuka "mtu".

Baada ya kusikia, tatizo la pili ni jinsi ya kumrudishia. Tulifundishwa kurudia kwa maneno yetu, na hapo ndipo kasuku alipozaliwa. Mteja: "Nimeandika barua ya kuomba likizo mara tatu, sijaituma." Kocha: "Kwa hiyo unachosema ni kwamba umeandika barua mara tatu na hujaituma?" Mteja: "Ndiyo." Wanabaki wanatazamana. Kocha amethibitisha kwamba anasikia Kiswahili, basi.

Jaribu hivi: "Barua iko tayari. Wewe bado." Inaweza kuwa si kweli, na hilo halina shida. Mteja atasahihisha: "Mimi niko tayari, naogopa tu nikirudi nikute dawati langu lina mtu." Na sasa tumefika mahali ambapo maswali kumi ya wazi yasingetufikisha. Kauli iliyokosea kidogo, ikitolewa kwa unyenyekevu, humfanya mtu ajieleze zaidi; swali humfanya ajibu. William Miller, aliyeanza mwaka 1983 kuandika kuhusu namna ya kuzungumza na watu wenye shida ya ulevi, na Stephen Rollnick waliyeendeleza naye njia hiyo, walitilia mkazo kauli za namna hii kiasi kwamba wanaopima ubora wa mazungumzo hayo huhesabu uwiano: kauli mbili za kuakisi, yaani za kumrudishia mtu ulichosikia, kwa kila swali moja ndiyo alama nzuri. Hesabu kikao chako kimoja uone. Changu cha kwanza nilichohesabu kilikuwa kama mahojiano ya polisi.

Lugha yetu ina mtego wa pekee hapa. "Umechoka" na "umechoka?" ni neno moja, kinachotofautisha ni sauti tu. Ukiipandisha mwishoni, mtu mwenye kujikaza atakwambia hapana, hajachoka, mambo yanaenda. Ukiishusha, ukaiweka mezani taratibu kama mtu anayetua glasi iliyojaa, mara nyingi hukaa kimya, kisha anaendelea. Nimefanya zoezi hili na makocha wanaoanza, na wengi sauti inapanda yenyewe. Kushusha kunatisha, kwa sababu unaweza kukosea bila kinga ya alama ya kuuliza.

Halafu kimya. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, katika miaka ya 1970 alipima walimu wa sayansi wanasubiri muda gani kabla ya kusema tena. Karibu sekunde 1. Walipozoezwa kufika sekunde 3 au zaidi, majibu ya wanafunzi yakarefuka, "sijui" zikapungua, na watoto waliokuwa kimya wakaanza kuchangia. Alichotenganisha Rowe, ambacho makocha huwa tunakisahau, ni kwamba kuna vimya viwili: kile cha baada ya swali la mwalimu na kile cha baada ya jibu la mwanafunzi. Cha kwanza tumejifunza. Tunauliza, tunangoja, tunajisikia wataalamu. Cha pili ndicho tunachokiua. Mteja anajibu, nasi tunadaka jibu lingali moto. Jibu la kwanza mara nyingi ni lile alilokuja nalo, lililoshatumika kwa marafiki na ndugu. La pili hulipata akiwa hapo kitini, kama utamwacha alitafute.

(Kwenye vikao vya video hili ni gumu maradufu. Mtandao ukichelewesha sauti kidogo tu, unaingilia kimya cha mtu bila kukusudia, halafu mnaombana radhi hadi wazo linapotea. Mimi nazima picha yangu mwenyewe kwenye skrini. Kocha anayejitazama anavyosikiliza ameshapata mteja mwingine.)

Yule mama wa rekodi nilimrudia. Kikao kilichofuata nilimwambia, "Mara ile ulisema, mtu unazoea tu. Nikapita. Naomba turudi pale." Nikanyamaza. Alicheka kidogo, akaangalia pembeni. Mimi nilikuwa na nadharia yangu tayari, nimeipamba: bosi mpya anambana, anaogopa kumsema. Ilinipanda hadi ulimini nikaimeza. Kimya kikawa kirefu kiasi kwamba nilianza kusikia saa yangu ya mkononi.

"Bosi sina shida naye," akasema hatimaye. "Nimezoea kuwa hodari kwenye kazi nisiyoipenda."

Lile lengo la nafasi ya juu, ambalo nililisukuma kama mkokoteni kwa vikao vinne, halikuwa lake. Alilitaja siku ya kwanza kwa sababu nilimuuliza ana lengo gani, na mtu mwenye adabu akiulizwa lengo hutoa lengo. Kama ningetoa nadharia yangu ya bosi, angeipokea kwa adabu ileile, tukatumia miezi miwili kujifunza jinsi ya kuongea na wakubwa.

Kuna wanaosema haya yote ni kumzungusha mteja aliyelipa ili apewe jibu. Wana hoja. Mteja akikuuliza jambo unalolijua, jinsi ya kupanga wasilisho, kasoro iliyoko kwenye mpango wake wa biashara, mjibu. Nimeona makocha wanaojificha nyuma ya kusikiliza. Kila kitu wanakirudisha kama ukuta wa mazoezi ya tenisi, kwa sababu hawana la kusema au wanaogopa kulisema. Na kuna siku utasikia kitu kisicho chako. Mtu hali, halali, anasema haoni sababu ya kesho. Kusikiliza kwako siku hiyo kunaishia kwenye kumuuliza moja kwa moja kama anafikiria kujidhuru, na kuhakikisha hatoki hapo bila kufikishwa kwa mtaalamu wa afya ya akili, basi. Huko si kushindwa kwa ukocha.

Ninachopinga ni jibu linalotoka kwa sababu kimya kilimkera kocha.

Siku hizi ukurasa wa daftari langu la vikao naupiga mstari katikati. Kushoto naandika maneno ya mteja kama alivyoyatamka, hata kama ni nusu sentensi, hata kama ni "tu" moja. Kulia nayatupa ya kwangu: maswali, nadharia, hekima zote zinazoniwasha ulimi. Yakishaandikwa hayanisumbui tena, na mara nyingi kikao kinaisha bila mengi yake kuhitajika. Wiki iliyopita upande wa kulia ulijaa hadi chini, mistari imebanana. Kushoto kulikuwa na maneno matatu. Jioni nilimpigia mteja simu nikamwomba kikao kile nisimtoze, na tukianze upya.